Kila Kitu Kina Ukurasa Wake

Nurmes, 8 Oktoba 2017

Ndugu yangu Sakari,

Asante kwa barua, na asante kwa kukubali kuandika kwa karatasi. Najua unaniona nimerudi nyuma, mafundi simu wawili wastaafu, wenye kompyuta kila chumba, halafu tunahangaika na stempu. Nivumilie tu.

Nina jambo la kukuambia na nakuomba ukae kwanza. Nahama Linux, mfumo uliotuendeshea kompyuta miaka yote hii. Kompyuta yangu ya mezani nimeshaihamisha, sasa ina mfumo mwingine, OpenBSD, na nikimaliza kuuzoea nitahamisha na seva ya jengo letu, ile mashine ya chumba cha chini inayohudumia wakazi wote.

Nimechoka, Sakari. Sina hasira na mtu, nimechoka tu. Mwezi uliopita nilipandisha toleo jipya, nikakuta kadi ya mtandao imepewa jina lingine. Ile amri ya mtandao tuliyoitumia tangu enzi za diski za flopi wameiondoa, wameleta nyingine. Namna ya kuwasha huduma nayo wameibadilisha tena. Nikishaelewa tu, wanahamisha. Ni kama mtu anaingia jikoni kwako kila siku ukiwa umetoka, anapanga vijiko upya. Huku nilikohamia vijiko viko pale pale. Na kila kitu kina ukurasa wake wa maelekezo, ndani ya mashine yenyewe. Unaandika neno moja tu, man, kisha jina la kitu, ukurasa unafunguka, na ukurasa unasema kweli. Hawa watu kwao kitu kisicho na ukurasa hakijaisha kutengenezwa.

Bi Tolvanen, mwenyekiti wa wakazi wa jengo, ameanza tena ule wimbo wake wa kuleta kampuni kutoka mjini ishike seva yote, kuanzia barua pepe za wakazi hadi jiko la sauna yetu ya kuogea mvuke. Mkutano wa mwaka ni Machi. Nikionekana nayumba hata kidogo wataninyang'anya. Tangu mke wangu Aune afariki, kile chumba cha chini ndicho kilichonibakia, unajua mwenyewe. Kwa hiyo nataka mashine ambayo nikiamka kesho itakuwa ile ile niliyoiacha jana.

Usinitukane sana.

Wako,
Ilpo


Oulu, 15 Oktoba 2017

Wewe Ilpo,

Nilikaa kama ulivyoniambia, na bado nusura nianguke.

Loh! Linux imezaliwa Helsinki, mtoto wetu wa nyumbani, tumemlea sisi wenyewe tukipokezana flopi kwenye stendi ya basi kama watu wanaouziana magendo. Leo umemwacha pengwini wa nembo yetu umemfuata bunju! Maana ndiye nembo yao, au nasema uongo? Samaki mwenyewe hata haliwi, ukimla unazikwa. Na hao Wakanada wanaomtunza wanakujua wewe?

Umechoka. Nani hajachoka, bwana? Goti langu limechoka, mkwe wangu amenichosha, theluji imeanza na koleo limevunjika. Mtu hahami nyumba kwa sababu ya vijiko.

Na programu yangu je? Inayowasha jiko la sauna, niliiandika mimi, mezani kwako, marehemu Aune akitukaangia samaki. Inaongea na lile jiko kwa njia ya Linux peke yake. Huko kwa bunju haitapiga hatua. Au nayo ni kijiko?

Nijibu upesi, na unijibu vizuri.

Sakari


Nurmes, 2 Novemba 2017

Ndugu yangu,

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Nimeisoma tena leo, nimecheka tena.

Programu yako siitupi. Seva ina diski mbili. Ya zamani inabaki na Linux na sauna yako, na itaendelea kupasha jiko kama kawaida. Mfumo mpya nauweka kwenye diski ya pili, unakaa pembeni, mpaka siku utakapojisikia kuiandika programu upya. Sikulazimishi. Ile diski ya zamani ina sehemu ya tatu iliyo tupu, hiyo tu ndiyo nitaisafisha baadaye niweke nakala za akiba.

Nikuonye jambo moja, kwa sababu nakujua, siku moja utajaribu kwa siri. Kwenye Linux sehemu za diski zina namba. Huku zina herufi. Lakini c si sehemu ya tatu. Herufi c ni diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Wanaotoka Linux huhesabu a, b, c, wakadhani wanafuta ya tatu, wakafuta kila walichonacho. Kosa hili halifanywi na mgeni kabisa wala na mwenyeji, linafanywa na watu kama sisi. Usiiguse c.

Heini anakuja kila Jumapili siku hizi, sijui kwa nini, Joensuu si karibu. Analeta pai za wali, anafungua friji yangu na kuchungulia kama mkaguzi. Nimemwambia binti yangu akaolewe tena, akacheka.

Ilpo


Oulu, 12 Novemba 2017

Haya, Ilpo,

Kwanza nilikasirika, halafu nikaenda kuusoma huo mfumo wako kwa siri, kama ulivyosema. Shetani mkubwa wewe. Nakubali kurasa zao zimeandikwa na watu wanaojua kuandika. Usimwambie mtu kwamba nimesema.

Nitaiandika upya sauna. Lakini sikia, na hili ulitie akilini: usiguse kitu chochote mpaka Krismasi ipite. Barua pepe zikizimika watu watasamehe. Sauna ikiwa baridi siku ya mkesha wa Krismasi, hakuna Mfini atakayekusamehe, na Bi Tolvanen atakuwa na sababu ya kukutoa. Januari tutaifanya pamoja kwa simu.

Sakari


Nurmes, 10 Desemba 2017

Ndugu yangu Sakari,

Habari za huko? Hapa ziwa limeganda, watu wameshaanza kukata matundu ya kuvulia.

Nina jambo la kukuambia na nakuomba ukae kwanza. Nafikiria kuhama Linux. Nimechoka, Sakari. Wamebadilisha hata jina la kadi ya mtandao. Kuna mfumo unaitwa OpenBSD, sijui kama umewahi kuusikia, unatunzwa na watu wa Kanada. Kila kitu kina ukurasa wake wa maelekezo. Ni kama jikoni ambako vijiko viko pale pale.

Tatizo ni programu yako ya sauna. Sijui utaonaje. Nakuomba usikasirike, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Wako,
Ilpo


Oulu, 16 Desemba 2017

Ilpo,

Unanichezea shere? Vijiko tena? "Sijui kama umewahi kuusikia"? Nimekuandikia barua mbili juu ya bunju wako, nimekaa wiki nzima nikisoma kurasa zake mpaka macho yananiuma, halafu unaniandikia kana kwamba ndiyo tunaanza.

Najua unachofanya. Unanirudishia maneno yako ya Oktoba, unataka nijione mjinga kwa sababu nilipiga kelele kisha nikakubali. Sawa, umenipata, cheka. Lakini utani una mahali pake, na mimi nilikuwa nimeamua kukusaidia kwa moyo mmoja.

Heri ya Krismasi, na usiguse kitu.

Sakari


Nurmes, 27 Desemba 2017

Sakari,

Sauna ilikuwa baridi siku ya mkesha.

Nilishuka asubuhi kuangalia kama kila kitu kiko sawa. Nikaona ile sehemu tupu ya diski ya zamani, nikasema niisafishe, niimalize kabla wakazi hawajashuka. Nikawasha mashine kwa mfumo mpya, nikahesabu a, b, c. Nikabonyeza. Niliposhtuka kwamba inachukua muda mrefu mno, diski nzima ilikuwa imekwenda. Linux, programu yako, ratiba, vyote. Nakala ya akiba nilikuwa nayo kwenye diski ndogo, ninajua niliiweka mahali pazuri. Sijaipata.

Wakazi walishuka kwa zamu zao, na mataulo na matawi ya mti wa mbetula ya kujichapia mvukeni, na watoto wamevalishwa vizuri. Walirudi juu kimya kimya. Heri wangepiga kelele. Mzee Karvinen wa orofa ya tatu, aliyetoka hospitali wiki ile ile kwa ajili ya sauna hiyo tu, alikaa kwenye benchi la nje na taulo shingoni hadi mkewe alipokuja kumchukua. Bi Tolvanen alisema, "Ilpo, tutaongea Machi." Basi.

Nisamehe kuhusu programu.

Ilpo


Oulu, 4 Januari 2018

Ilpo,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta namna ya kuiamini, nimeshindwa.

Herufi c. Wewe ndiye uliyenionya! Barua yako ya Novemba ninayo hapa mezani: "Usiiguse c." Hakuna mtu Finland nzima aliyeijua hatari ile kuliko wewe. Kwanza unanidhihaki kwa barua ya kujifanya hujui kitu, halafu wiki mbili baadaye, kwa bahati mbaya tu, kinachofutika ni kitu changu.

Nadhani programu yangu ilikuwa inakukera siku nyingi, ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichokuzuia usihame. Ungeniambia. Ningeumia, ningepona. Lakini kuifuta na kuniandikia hadithi ya Mzee Karvinen ili nikuonee huruma, hapana, bwana. Katika kufahamiana kwetu kote hujawahi kunidanganya, ndiyo maana hili linaniuma.

Sitaandika upya chochote. Wape hao wa kampuni.

Sakari Lamminaho


Joensuu, 18 Januari 2018

Baba mdogo Sakari,

Ni Heini, binti wa Ilpo. Baba alinikataza nisikuandikie, kwa hiyo namvunjia ahadi, na ninaivunja kwa makusudi.

Baba ana ugonjwa wa kusahau. Tulipewa jibu na daktari hapa Joensuu majira ya kuchipua ya mwaka jana. Yaliyopita zamani anayo yote, anaweza kukutajia rangi za nyaya za ofisi yenu ya simu. Ya wiki iliyopita yanamponyoka. Desemba hakukumbuka kabisa kwamba alishakuambia habari ya kuhama. Hakukudhihaki. Na ile herufi aliijua na bado anaijua, ukimuuliza anakueleza vizuri kuliko mwalimu. Asubuhi ile tu haikuja.

Ndiyo maana anataka karatasi. Barua zako zote amezibandika kwa mkanda kwenye ukuta wa jikoni, mfululizo, kuanzia dirishani. Kila asubuhi anazipitia na kikombe cha kahawa mkononi ili ajue mambo yamefikia wapi. Ya mwisho sasa iko karibu na jiko. Anaisoma kila siku, baba mdogo, na kila siku ni mpya kwake.

Nilimuuliza kwa nini ahangaike na mfumo mgeni katika hali hii. Akaniambia, "Heini, Linux ninaisahau, na wakati ninaisahau, yenyewe nayo inabadilika, tunapishana. Huku nikisahau nasoma ukurasa, na ukurasa unasema kweli."

Diski ya nakala nimeipata. Ilikuwa kwenye friza, chini ya matunda ya msituni, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa mkate. Nimeikausha.

Unajua kwa nini hakutaka ujue? Alisema kila mtu sasa anaongea naye taratibu, kwa sauti ya chekechea, hata mimi. "Sakari peke yake ndiye bado ananitukana kama mtu mzima." Ni hivyo tu. Nakuomba, ukiandika, usimwonee huruma.

Heini


Oulu, 24 Januari 2018

Ilpo, mzembe mkubwa wewe,

Toa ukutani barua yangu ya tarehe 4 Januari, ile iliyo karibu na jiko. Itie motoni. Niliandika upuuzi kwa sababu goti lilikuwa linauma, na mimi goti likiuma akili nayo inachechemea. Hukunidanganya. Ulikosea herufi, kama walivyokosea wengine wengi waliotoka Linux. Mahali pake bandika hii.

Nakuja Nurmes Jumatatu, basi la Kajaani. Nitalala sebuleni kwako hadi mkutano wa Machi, na usiniambie sofa ni fupi, nalijua. Nakala ya akiba ni ya Linux tu, kwa hiyo tutaiandika sauna upya pamoja. Mimi nitaandika programu kwa sababu wewe ulikuwa hujui kuandika programu hata ulipokuwa na nywele. Wewe utakaa pembeni na kunisomea kurasa, kwa sauti, na nikikosea useme. Kahawa iwe kali. Ile uliyonipa mwaka juzi ilikuwa maji ya kuoshea vikombe.

Kuhusu pengwini na bunju bado sijakusamehe.

Sakari


Kajaani, stendi ya basi, 26 Machi 2018

Ilpo,

Basi limechelewa, kwa hiyo naanza kukuandikia hata kabla sijafika nyumbani. Naandika yote, hata uliyoyaona kwa macho yako, ili yawepo ukutani.

Sauna inafanya kazi. Ndani ya bunju, bila Linux, na jiko linawaka Jumamosi saa ile ile. Tulipomaliza nilisema, "Haya, imeisha." Ukasema, "Haijaisha, haina ukurasa." Tukagombana hadi chakula kikapoa. Ukashinda. Nikaandika ukurasa wa sauna, ukanirudisha mara nyingi kuliko mhariri yeyote. "Hapa mtu hataelewa," unasema. "Mtu gani?" nakuuliza. Ukasema, "Mimi wa mwezi ujao." Nilitoka nje nikajifanya naangalia theluji.

Mkutano wa nyumba ulikuwa juzi. Kampuni imepewa barua pepe na kufuli za umeme za milango, na ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Sikuwa na nguvu ya kubisha na kura ya nyumba nzima. Lakini Bi Tolvanen alishika ule ukurasa wetu, akausoma hadi mwisho mbele ya watu, akasema, "Mbona hata mimi naweza hii?" Basi jiko la sauna limebaki lako, na yeye ni msaidizi wako. Mtashuka pamoja Jumamosi. Ni mtu mzuri kuliko tulivyokuwa tunamsema. Mzee Karvinen alinyanyua mikono yote miwili wakati wa kura, ikabidi wamwambie ashushe mmoja.

Nimechoka, Ilpo. Nimechoka vizuri, lakini nimechoka. Sidhani kama nitarudi Linux. Nitawaambiaje watu wa Oulu sijui.

Jambo la mwisho. Kabla sijaondoka nimekuwekea ukurasa mwingine kwenye mashine. Siku ukiona jina langu kwenye bahasha na halikuambii kitu, usihangaike, usimuulize mtu. Andika man sakari. Nauandika na hapa:

JINA
sakari – fundi simu mstaafu, mkazi wa Oulu

MAELEZO
Mrefu, kipara, goti la kushoto bovu. Alifanya kazi na Ilpo katika ofisi ya simu ya Nurmes. Aliandika programu ya sauna, ya zamani na mpya. Hunywa kahawa nyeusi. Ukimsikia anagomba, hiyo ndiyo sauti yake ya kawaida.

MATUMIZI
Mpigie simu wakati wowote. Ukisahau ulichotaka kusema, piga hivyo hivyo.

KASORO
Hukasirika kabla ya kuelewa. Inajulikana. Haijapatiwa dawa.

ANGALIA PIA
sauna, heini

Basi limefika.

Sakari


Nurmes, 21 Aprili 2018

Ndugu yangu Sakari,

Nina jambo la kukuambia na nakuomba ukae kwanza.

Kuna mtu ameweka ukurasa juu yako ndani ya mashine yangu. Niliukuta leo, Bi Tolvanen alipokuwa anapasha jiko na mimi nimekaa tu nikibonyeza bonyeza. Nadhani ni wale Wakanada, wana bidii sana wale. Sijui wamezipata wapi habari zako, lakini wamechunguza, hata goti wamelitaja. Bi Tolvanen alicheka kidogo, kisha akasema moshi umemwingia machoni, na jiko letu ni la umeme.

Ila mstari wa kwanza wamekosea. Mambo ya fundi simu mstaafu, mkazi wa Oulu, ni kweli, lakini hayo si ya kuwekwa pale. Pale panatakiwa kusema kitu chenyewe ni nini, ili mtu akisoma mstari huo mmoja tu imtoshe. Nimewasahihishia. Ukiwa unafahamiana nao, wapelekee marekebisho haya, wao hupenda kupelekewa:

JINA
sakari – rafiki yangu

Mengine yote yako sawa, hata hiyo kasoro. Nimeyaacha.

Ilpo